Siku Niliyoijaza Meza ya Luhende

Haya, kwa kuwa mmenibana na kahawa mmeninunulia wenyewe, nitasema, ila atakayecheka acheke kageukia upande wa pili, maana aibu hii ina miaka na bado nikiikumbuka masikio yanapata moto. Mimi Athumani, karani wa kinu cha pamba hapa Shinyanga, mtu wa kalamu mbili mfukoni, nilisimama mbele ya umati wa maonyesho ya kilimo nimeshika tezo nisiyojua hata upande wa kuishikia, suruali yangu nyeupe imechanika gotini, na mbele yangu kuna ng'ombe wa mti anayefanana na kiazi. Na hapo, ndugu zangu, nilikuwa namsaidia mtu.

Nianzie jeshini, kwa sababu ujuaji wangu wote ulitoka huko. Wakati wa vita vya pili vya dunia nilikuwa karani wa stoo, tukapitishwa Nairobi, na siku moja ya mapumziko nikaingia (nilikuwa nakimbia mvua, msidhani nilifuata sanaa) kwenye ukumbi uliotundikwa picha ukuta mzima, na chini ya kila picha kikadi cheupe chenye jina la aliyeichora. Watu wanapita, wanainama, wanalisoma jina, wanalitamka, na mwenye jina kasimama pembeni na koti lake anaitikia kwa kichwa. Mvua ikakatika, mimi nikabaki. Nikajiambia kumbe fundi akiwa na jina watu humtafuta mpaka kwake, asipokuwa nalo kazi yake inaokotwa tu kama kuni.

Vita vikaisha, nikapata kazi kinuni, na ndipo nikamjua Luhende. Luhende, Baba Shija, alikuwa anakaa upande wa Kolandoto, mkulima wa pamba na mtama kama wenzake, ila alikuwa anachonga: vigoda, ng'ombe wenye pembe ndefu, mzee anayevuta kiko, na ukikaa karibu na wale ng'ombe wake unangoja walie. Mwaka ule mvua ilikuwa imemkosa, pamba ikakauka shambani, na vinyago ndivyo vilivyokuwa vinaweka ugali mezani.

Mimi nikajiteua kuwa mshauri wake. Hakuniomba. Nikamwambia Baba Shija, weka jina kwenye kazi yako. Nikamwambia vaa koti (nikamwazima la kwangu la kijivu, mikono ikamfikia chini kidogo ya viwiko). Nikamwambia usikubali bei ya kwanza, usimwoneshe mnunuzi kitu ambacho hakijakamilika, usichekecheke. Yeye anasikiliza, anapuliza vumbi la mti, ananishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, Kalani," halafu anaendelea kuchonga anavyotaka mwenyewe. Mara moja tu alinijibu: "Kalani, si mnasema chema chajiuza?" Nikamwambia hayo ni ya zamani, siku hizi chema kinahitaji karani.

Kisha nikapata habari iliyonitia wazimu. Kule Geita kwenye dhahabu kulikuwa na Mzungu mpima miamba, watu wakimwita Bwana Mawe, naye alikuwa anakusanya vinyago na kuvipeleka Dar es Salaam vikaoneshwe, na fundi aliyempendeza alimwagizia kazi mwaka mzima. Nikamwandikia barua (jina la fundi nikaliweka akiba ya siku yenyewe) kwa mwandiko ambao sijawahi kuurudia tena. Akajibu kwamba atapita Shinyanga siku ya maonyesho. Nikambembeleza Bwana Shamba mpaka akanipa meza moja chini ya turubai, katikati ya mabeberu na maboga. Luhende nilipompa habari alikuna kidevu, akasema, "Akinipenda huyo, Shija hataacha shule." Kwa hiyo mjue kilichokuwa juu ya meza ile hakikuwa miti mitupu.

Siku moja kabla akanikabidhi vitu kumi na kitu, tukavipakia. Akasema, "Hivi vya ndani chukua vyote. Vile vya kwenye kihenge cha mtama viache, vina wenyewe." Yeye angefika mchana, alikuwa na mazishi kwa jirani. Nikasema sawa.

Asubuhi nikapanga meza, nikarudi nyuma hatua tano kuitazama, na meza ikaonekana nusu tupu. Jirani yangu mmoja alikuwa na maboga yamejaa mpaka yanaviringika chini, mimi nina vigoda vimeachana kama meno ya mzee. Nikapatwa na wivu wa maboga (ndiyo, wa maboga). Lori la kinu lilikuwa linakwenda upande wa Kolandoto kuchukua pamba, nikadandia, nikamkuta mkewe anapepeta mtama uani.

"Mwangaluka, Mama Shija. Nimekuja kuchukua vile vya kwenye kihenge."

"Baba Shija kasema?"

"Kasema."

"Kasema mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama, haraka, lori linaningoja."

Akanitazama, akaweka ungo chini, akaenda kufunua kihenge. Ndilo neno langu moja la uongo, na mengine yote yalizaliwa nalo.

Ndani ya magunia aliyoyatoa mlikuwa na masanamu mawili ya kimo cha mtoto wa miaka mitano. Moja ni mwanamke anayetwanga, ukivuta kamba mikono inapanda na kushuka na mchi. La pili ni mtu juu ya baiskeli, ukivuta kamba anakanyaga pedali na shingo inageuka huku na huku kama anayeogopa askari. Sijawahi kuona kitu kama kile, hata Nairobi. Nikajiambia vina wenyewe, sawa, wenyewe watavichukua jioni, kwani kutazamwa kunapunguza nini?

Nikaviweka katikati ya meza, nikakiwekea kila kimoja kadi kwa mwandiko wangu wa duara: KAZI YA LUHENDE, KOLANDOTO. Nikaanza kuvuta kamba na kuita watu kwa sauti ya gwaride. Watu waliacha madume ya ng'ombe wenye utepe wa ushindi wakaja kwangu. Walirundikana mpaka turubai likawa linayumba, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nakenua meno yote.

Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa Nkwabi. Huyu alikuwa manju, kiongozi wa ngoma wa kundi la Wagalu, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Akaitazama baiskeli muda mrefu.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwa fundi Luhende, baba."

"Najua ni ya Luhende. Mimi ndiye niliyemwagiza. Na huyo anayetwanga?"

"Mkono huohuo!" nikasema kwa majivuno, na kidole juu ya kadi. "Vyote hivi ni vya mkono mmoja!"

Nyuma ya umati sauti nyingine ikasema, "Rudia." Alikuwa Mayunga, manju wa kundi la pili, Wagika.

Nikarudia. Nilirudia, jamani.

Kicheko kikakatika. Umati ukajigawa wenyewe bila mtu kuamrisha, hawa huku, hawa kule, akina mama wakavuta watoto nyuma, na meza yangu ikabaki peke yake katikati. Bibi mwenye maboga akanivuta shati. "Kalani, umefanya nini? Mbina ni wiki ijayo!" Mimi mtu wa Tabora mjini, ngoma za huku nilizijua kwa kuzipita njiani, basi akanieleza kwa kunong'ona. Siku ya mbina Wagika na Wagalu wanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kundi upande wake, na anayeshinda ni yule aliyewavuta watu wengi wakamzunguka. Kwa hiyo kila upande unaficha kitu chake kipya, nyoka, fisi, sanamu, mpaka siku yenyewe, na kinapakwa dawa, na fundi wa upande huu hata maji hanywi upande ule. Luhende, kwa njaa ya mwaka ule, alikuwa ameahidi pande zote mbili kwa siri. Na mimi nilikuwa nimeianika siri hiyo juu ya meza na kuiandikia kadi.

"Mkono uliogusa dawa yetu ndio uliogusa ya kwao," Nkwabi alisema taratibu. Kama angepiga kelele ningepata nafuu. "Yuko wapi?"

Alikuwa anakuja. Nilimwona kabla yao, akipita kati ya mazizi ndani ya koti langu la kijivu, anasalimia watu, anatabasamu. Fimbo zikaanza kuhama kutoka mabegani kwenda mikononi. Na upande wa pili gari likasimama, akashuka Bwana Mawe na daftari lake.

Niliona wazi kwamba baada ya dakika moja mtu huyu atapigwa kwa sababu yangu, mbele ya Mzungu ambaye nimemwita mimi. Basi nikapanda juu ya kreti nikapiga kelele: "Si yeye! Nimechonga mimi! Luhende alikuwa mpelekaji tu! Mkono ni wangu, na mkono wangu hauna dawa ya mtu!"

Luhende akasimama palepale alipokuwa. Alikuwa ameona baiskeli.

Bwana Mawe akapenya hadi mezani, akavuta kamba, uso ukamchangamka. Akauliza kwa Kiswahili chake cha migodini, "Wewe ndiyo fundi?"

Kushoto Nkwabi, kulia Mayunga, mbele Luhende ananitazama machoni. Nikasema, "Ndiyo, bwana. Ni mimi."

"Na hii, Luhende?" akauliza, kidole juu ya kadi.

"Huo ni mti, bwana. Mti wa Kolandoto."

(Nimewaambia mtazame upande wa pili.) Kuna mtu alikohoa. Bwana Mawe akaandika jina langu, Athumani Mrisho, taratibu, akaniuliza kama kuna h mbili. Masanamu yale makubwa aliyataka, lakini Nkwabi alikuwa ameweka kiganja juu ya baiskeli na hakukitoa, basi akachukua ng'ombe wote na vigoda vyote na mzee wa kiko, akanipa fedha mkononi, akanishika mkono, akaondoka maana safari ya Geita ni ndefu. Gari lilipotia vumbi tu, Mayunga akaokota gogo dogo, akalitua mezani.

"Haya, fundi. Chonga."

"Nichonge nini?"

"Hata ng'ombe."

Mtu akaleta tezo. Nikauliza kama naweza kuchonga nikiwa peke yangu, kwa kuwa mafundi wengine wana haya, wakasema hapana. Nikapiga pigo la kwanza, tezo ikateleza. La pili, tezo ikaingia na kukataa kutoka, nikaichomoa kwa kulikanyaga gogo. La tatu likadunda, likachana suruali na kuacha alama gotini ambayo mnaiona mpaka leo. Watu walicheka mpaka mabeberu wakajibu. Nilikuwa natoa jasho, natoa damu, na bado napiga, kwa sababu nilijua nikiacha watamgeukia yeye, na gogo lilikuwa linazidi kuwa kiazi, na machozi yalikuwa yananitoka, nayasema hayo bila kuficha.

Ndipo mkono ukaja ukaichukua tezo. "Lete, Kalani. Utajikata mguu." Luhende akavua koti, akaligeuza gogo mara moja, akapiga. Sijui kama alifikiri. Nadhani hakuweza tu kuvumilia mti uharibiwe hivyo. Mapigo kumi, kumi na mbili, na ndani ya kiazi changu akatokea ndama anainuka kwa miguu ya mbele. Hakuna aliyecheka tena. Wote waliona mkono ni wa nani.

Mayunga akamnyanyua mwanamke anayetwanga, akamkumbatia kifuani. "Luhende, mkono wako ni mzuri. Kwetu usiulete tena."

"Na kwetu," akasema Nkwabi.

Hawakumpiga. Bibi wa maboga aliniambia hajawahi kuwasikia wawili wale wakikubaliana jambo.

Fedha nilimpa Luhende zote palepale, akazipokea bila kuniangalia. Wiki iliyofuata mbina ilichezwa bila sanamu hata moja, na tangu hapo hakuna kundi lililomwagiza, wala waliokuwa wakinunua vigoda hawakupita tena kwake.

Miezi minne baadaye barua ikafika kinuni, kwa jina langu. Vitu vilioneshwa Dar es Salaam, vilipendwa, vilinunuliwa vyote, na Fundi Athumani Mrisho anaombwa achonge vingine ishirini. Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nikaandika kusahihisha, nikaeleza kila kitu, hata suruali. Jibu likaja kwa heshima nyingi: wanunuzi wameshalizoea jina, tusiwachanganye.

Nikaenda Kolandoto kwa miguu makusudi, ili nichelewe. Nikamsomea. Mama Shija alisimama mlangoni, hakunikaribisha kiti. Luhende akauliza, "Ishirini?" Nikasema ishirini. Akaenda akachagua gogo, akakaa.

"Ulisema fundi lazima awe na jina," akasema huku anapima mti kwa kidole gumba. "Basi sasa ninalo. La kwako."

Hakusema kwa hasira. Ningeona afadhali angekuwa na hasira. Shija alimaliza shule, alhamdulillahi, na kila shehena iliyotoka pale kwa miaka sita niliipeleka stesheni mimi mwenyewe na kuitia sahihi mimi, na kila nilipotia sahihi nilijisikia mwizi. Tangu hapo sijamshauri msanii yeyote, wala sijaweka kitu juu ya meza ya mtu bila kumuuliza mwenyewe, uso kwa uso, mara mbili. Wale mliozoea kwenda Dar es Salaam, huko kuna nyumba za watu zenye ng'ombe wa mti sebuleni na jina langu chini yake. Mkiwaona, nawaombeni, waambieni wenye nyumba kwamba Athumani hajui hata kushika tezo. Aliyechonga ni Luhende.