Sumaku Niliyoiua

Mwalimu wetu wa fizikia alifundisha kwa Kiingereza, lakini akitaka kumuumiza mtu aligeukia Kiswahili. Nadhani alitaka kuhakikisha hakuna neno litakalotupita. Alikuwa kijana bado, suruali yake imepigwa pasi hata siku za matope, na sikumbuki akipaza sauti hata mara moja.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Shule yetu ilikuwa ya harambee, upande wa Tetu, madarasa ya mbao na mabati ambayo wazazi wetu walikuwa wameyajenga wenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu na kabati lisilo na kufuli. Form Two tulikuwa wanafunzi thelathini na kitu. Wasichana tulikuwa saba, na kati ya hao saba nilikuwa na rafiki mmoja. Alikuwa akiishi na nyanya yake karibu na soko la Giakanja. Kila asubuhi aliningoja njia panda, miguu imelowa umande, tukaenda pamoja.

Siku tuliyoanza kusoma sumaku-umeme, mwalimu alichukua msumari wa inchi sita, akauzungushia waya, akaunganisha ncha za waya na mawe mawili ya tochi. Akausogeza kwenye kopo la pini. Pini zikaruka na kuning'inia kwenye ncha ya msumari. Akaondoa waya mmoja kwenye jiwe, zikaanguka zote.

"Umeme ukipita, hii ni sumaku. Umeme ukikatika, ni msumari tu," alisema.

Akatuita mmoja mmoja tujaribu. Zamu yangu ilipofika nililigonga kopo kwa kiwiko, pini zikamwagika sakafuni, nyingine zikaingia katikati ya mbao.

"Okota," aliniambia.

Nikainama.

"Si na mkono. Kwani tumesoma nini leo? Okota na sumaku."

Nikapiga magoti, msumari mkono mmoja, mawe ya tochi mkono wa pili, sketi ikiburuta vumbi. Mawe yalikuwa yamechoka kwa kutumiwa na darasa zima, na mkondo ulivyozidi kupungua ndivyo sumaku ilivyobeba pini chache: tatu, kisha mbili, kisha moja, kisha ile moja ikawa inaanguka kabla sijaifikisha kwenye kopo. Wavulana walianza kuhesabu kwa sauti. Mwalimu aliketi juu ya meza akitazama, mguu mmoja ukibembea.

Rafiki yangu alitoka kwenye stuli yake, akapiga magoti kando yangu, akaanza kuokota kwa vidole. Mwalimu alimwacha amalize. Halafu akamwambia anyooshe mikono, akamchapa fimbo mbili kila kiganja kwa kusaidia mtu ambaye hakuomba msaada. Tulipokuwa tukienda nyumbani alikuwa amekunja vidole kama mtu aliyebeba yai.

"Usilie," aliniambia. "Ataona umelia kesho. Macho itabaki nyekundu."

Wiki iliyofuata mwalimu alitangaza kwamba wavulana wote waliopita wangeendelea na fizikia Form Three. Wasichana angechukua mmoja.

"Mmoja tu," alisema, akitutazama sisi saba tuliokaa mstari wa nyuma. "Hao wengine wataenda kwa upishi, wakafundishwe kuchemsha maji. Kila msichana atengeneze sumaku yake. Mawe ya tochi nitatoa mimi, mapya, mawili kwa kila mtu. Atakayebeba pini nyingi ndiye nitamchukua."

Alitupa wiki mbili. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la maziwa, na aliniletea kutoka Nyeri waya mpya wa shaba uliopakwa vanishi, unaong'aa. Rafiki yangu alienda kwa makanika mmoja akaomba dainamo iliyoungua, akakaa jioni tatu akiufungua waya wake kwa mkono, akikata mahali palipoungua na kuacha pale ambapo vanishi yake ilikuwa bado nzima. Vanishi ilikuwa muhimu, aliniambia. Ndiyo iliyofanya umeme uufuate waya raundi zote badala ya kuruka kutoka raundi moja hadi nyingine.

Alifanya kazi kwa utaratibu ambao sijauona kwa mtu mwingine, na nimekaa na watu wengi wa sayansi. Alizungusha raundi hamsini, akahesabu pini. Raundi mia, akahesabu tena. Pini ziliongezeka karibu mara mbili. Alipozidi kuongeza aliona kwamba faida inapungua, kwa sababu waya mrefu unauchosha umeme wa mawe yale yale mawili. Alijaribu kuweka kijiti cha kahawa ndani ya koili badala ya chuma. Kilibeba pini moja, tena kwa shida. Akajaribu patasi ya fundi. Ilibeba nyingi, ila umeme ulipokatwa pini nyingine zilikataa kuanguka. Mwishowe alipata bolti nene, akaiweka katika moto wa nyanya yake hadi ikawa nyekundu, akaifukia ndani ya majivu ipoe polepole mpaka asubuhi. Chuma kikipoa hivyo kinalainika, alisema, na kilicholainika kinakuwa sumaku haraka na kuacha haraka. Sijui hilo alilisoma wapi. Maktaba yetu ilikuwa rafu mbili.

Nilimpelekea sumaku yangu Jumapili baada ya kanisa. Nilikuwa nimetumia waya wote, safu mbili nadhifu, na ilibeba pini nne.

Hakucheka. Aliigeuzageuza mkononi. "Angalia. Safu ya kwanza umezungusha ukienda kulia. Hii ya pili umegeuza, inaenda kushoto. Hizi zinapigana. Lazima zote zizunguke njia moja, hata ukirudi nyuma."

Tuliifungua tukaizungusha upya, yeye akivuta waya ukaze, mimi nikigeuza bolti yangu. Nyanya yake alitupa ndizi za kuchoma. Tulipomaliza, yangu ilibeba pini thelathini na mbili. Nikarukaruka. Halafu nikamwomba anionyeshe yake.

Ilibeba sabini na moja.

Nilirudi nyumbani nikijua kwamba nitaenda kwa upishi. Mama aliniuliza kama naumwa. Ninalolikumbuka ni kwamba sikumkasirikia mwalimu hata kidogo. Nilimkasirikia rafiki yangu, kwa viganja vyake vile vilivyovimba, kwa kuniambia nisilie, na kwa kunitengenezea sumaku yangu bila kuona haja ya kunificha yake.

Asubuhi ya siku yenyewe tuliacha sumaku zetu kabatini. Wakati wa chakula cha mchana, wenzangu wakiwa kwenye foleni ya githeri, niliingia maabara na wembe. Rafiki yangu alikuwa amefunika koili yake kwa kitambaa cha khaki, na chini ya kitambaa ncha mbili za waya, ya kuingia na ya kutoka, zilipita pamoja. Nililegeza kitambaa. Nikakwangua vanishi mahali pale kwenye waya zote mbili hadi shaba ikaonekana, nikazibana ziguse, nikarudisha kitambaa na kukikaza. Sasa umeme ungeingia kwa waya mmoja na kutokea kwa mwingine bila kuizunguka bolti hata mara moja. Kazi yote ilichukua muda wa kusali Baba Yetu. Ujuzi ulikuwa wake. Bila yeye nisingejua pa kukwangua.

Mchana huo wasichana watano walienda mbele yetu. Aliyefanya vizuri zaidi kati yao alibeba pini tisa. Mimi nilibeba thelathini na moja, na mwalimu aliitikia kwa kichwa kidogo. Kisha akamwita rafiki yangu.

"Wewe umepata ngapi huko nyumbani?"

"Sabini na moja, mwalimu."

Wavulana walipiga mluzi. Rafiki yangu akaunganisha waya, akashusha bolti kwenye kopo, akaiinua. Hakukuwa na pini hata moja. Akaangalia mawe, akayageuza, akajaribu tena.

"Sabini na moja," mwalimu alisema, taratibu. "Hesabuni, watoto. Mnaziona? Mimi sizioni. Labda ziko kwa nyanya yako."

Darasa lilicheka. Nilicheka pia. Nilijisikia nikicheka.

"Ilikuwa inabeba, mwalimu. Hata mwenzangu aliona." Akanigeukia.

Mwalimu naye akanigeukia. "Uliona?"

Nikasema, "Sikumbuki vizuri, mwalimu."

Chini ya meza palikuwa na betri ya lori aliyoileta ili atuonyeshe jinsi sumaku inavyopata nguvu mkondo ukiongezwa. Akaivuta. "Basi tusimwonee. Pengine sumaku kubwa hivi inataka umeme mkubwa. Shika waya yako, weka hapa na hapa. Na usiachie mpaka ibebe. Sabini na moja."

Nilijua. Sikujua hesabu yake, lakini nilijua kwamba betri ile huwasha lori zima, na kwamba njia niliyoufungulia umeme ilikuwa fupi kama kidole. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Alipokuwa akinyoosha waya nilikuwa na nafasi, na alipogusisha ncha ya kwanza bado nilikuwa nayo. Nilitazama stuli yangu.

Alipogusisha ya pili, waya uliwaka mwekundu kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wake wa kulia. Kitambaa kilishika moto. Nadhani alishikilia kwa sababu aliambiwa asiachie; ilikuwa sekunde moja au mbili, hadi waya ulipokatika wenyewe. Kulikuwa na harufu ya vanishi, na harufu nyingine chini yake. Hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo, ya mtu anayeinua mzigo mzito.

Mwalimu alizima kitambaa kwa kiatu. Sidhani alikuwa amekusudia hilo. Uso wake ulibadilika rangi. Lakini alikuwa amesimama mbele ya darasa. "Hii ndiyo faida ya uongo," alisema. "Nenda umwagie mkono maji kwa bomba."

Kabla ya kwenda, rafiki yangu aliinama akaokota bolti kwa mkono wa kushoto. Kitambaa kilikuwa kimeungua, na pale palipokuwa na ncha mbili za waya palionekana. Alipatazama kwa muda. Alikuwa ameufungua waya ule jioni tatu, futi kwa futi. Alijua kila alama iliyokuwa juu yake. Hakunitazama. Akaiweka bolti mezani, akatoka.

Mimi nilipata ile nafasi moja ya Form Three.

Aliendelea kuningoja njia panda asubuhi, mkono umefungwa kitambaa. Tuliongea juu ya mvua na juu ya mtihani. Baada ya wiki tatu hakuwepo. Niliambiwa kwamba vidole vilikuwa vimekauka vikashikana, hawezi kuandika kwa haraka, na shangazi yake wa Mwea alikuwa amemchukua akamsaidie katika mashamba ya mpunga. Niliposikia, kitu cha kwanza nilichohisi, na ninakiandika kwa sababu ni kweli, kilikuwa afueni.

Nilisoma fizikia, nikaenda chuo cha ualimu, nikafundisha fizikia. Mwishoni mwa miaka ya themanini nilipelekwa shule moja ya Kirinyaga, na siku moja nilishuka Mwea kununua mchele. Nje ya kinu wanawake walikuwa wamepanga magunia. Nilimwendea wa tatu kwa sababu mchele wake ulikuwa safi, na nikaona mkono uliokuwa ukishika kibaba kabla sijauona uso.

"Karibu, mwalimu," alisema. Kumbe alikuwa amesikia habari zangu.

Nikamsalimu. Nikaanza maneno niliyokuwa nimeyatunga kwa miaka: kwamba tulikuwa watoto, kwamba yule mwalimu alikuwa mkatili.

Akanikatiza. "Mwalimu ni fimbo nne tu nilipata kwake. Hizo zilipona."

"Ulijua tangu lini?"

"Siku hiyo hiyo."

"Na kwa nini hukusema?"

Aliendelea kupima mchele wa mteja mwingine, akamkabidhi, ndipo akanijibu. "Nilikuwa nangoja wewe useme. Kila asubuhi pale njia panda. Wiki tatu. Nilikuwa nafikiria, leo atasema. Ati tukifika kwa daraja, nasema moyoni, sasa." Akatikisa kichwa. "Hiyo ndiyo sikuweza kuvumilia. Mkono niliweza."

Msichana wa miaka kama kumi na miwili alikuwa ameketi juu ya gunia akipepeta. Alifanana na mama yake nilivyomjua.

"Huyu ni wangu," alisema. "Ameniuliza mara nyingi ni nini ilichoma mkono. Mimi humwambia ni moto. Mwambie wewe."

"Hapa?" Wanawake wengine walikuwa wamegeuka kututazama.

"Hapa."

Nilimweleza. Niliona ninatumia sauti ya darasani, mkondo na njia fupi na vanishi, nikajaribu kuiacha na sikuweza. Nilipofika kwenye wembe, mtoto aliacha kupepeta. Nilipomaliza alimtazama mama yake aone kama aamini. Mwanamke mmoja nyuma yangu alitema mate kando.

"Sawa," mwenzangu alisema. "Kilo ngapi?"

Nikamwambia tano. Alipima sawasawa, hakupunguza wala hakuongeza, akafunga mfuko kwa mkono wa kushoto na meno. Nilipotaka kusema tena alikuwa tayari akimwita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Nilirudi mara mbili mwaka huo. Mara ya kwanza nilimkuta mtoto peke yake, akaniuzia bila kuniangalia. Mara ya pili mahali pao palikuwa na mtu mwingine, na nilipouliza walihamia upande gani, wanawake wale wakasema hawajui.