Kikwembe cha Mama Kanyere

Daktari Marceline alizaliwa kwa wavuvi wa maporomoko ya mto, na alikuwa na tabia ya kujisifu kwamba usingizi haumuwezi. Sifa gani hizo! Asubuhi ile alikuwa ametoka zamu ya usiku katika hospitali moja ya mtaa wa Makiso. Mwenzake wa mchana hakutokea, naye akaunganisha zamu zote mbili. Alipomfikia Mama Kanyere, muuza maharagwe aliyelazwa kwa nimonia, aliketi ukingoni mwa kitanda, akamwekea stetoskopu mgongoni na kumwambia avute pumzi.

Alichokumbuka baada ya hapo ni jua la mchana usoni mwake. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha mgonjwa, amefunikwa kikwembe, kitenge cha mgonjwa wake, na viatu vyake vimevuliwa na kupangwa vizuri chini.

Mama Kanyere alikuwa sakafuni, ameegemea ukuta, anahema kama mtu aliyekimbia. Binti yake Annette, aliyekuja kumuuguza, alikuwa anamfukuzia daktari nzi.

"Kwa nini hamukuniamsha?" Marceline alifoka, na papo hapo sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

"Mama alikataza," Annette alijibu. "Alisema docteur iko mugeni yetu, na mugeni mwenye kulala hatumuamshi."

Marceline alimwinua mgonjwa, akamrudisha kitandani, akapiga kelele oksijeni iletwe. Mama Kanyere akamshika mkono. Maneno yalimtoka moja moja, kwa shida:

"Docteur, ulilala muzuri?"