Sisimizi Hawakuja

Majani ya mwarobaini yakichemka hutoa harufu chungu inayong'ang'ania hadi kwenye nywele, na nyumba yetu ya Matrah, Omani, ilinuka hivyo kutwa, mwaka wa pili tangu tuhame Unguja baada ya mapinduzi. Mama alikuwa akiumwa sukari. Alikonda, akawa na kiu isiyokatika, na mwili ulimwasha, ndiyo maana shangazi akimchemshia majani ya kuogea. Baba alitaka kumpeleka hospitali. Mama alimwogopa daktari kuliko maradhi yenyewe, akaomba kwanza ajaribu tabibu wa Kihindi wa sokoni, mjuzi wa dawa za Ayurveda, ambaye watu walimsifu mpaka wakapitiliza.

Tabibu alimpa unga wa uwatu, wa karela, lile tunda chungu la Kihindi, na wa magome nisiyoyajua, akasema utamaliza sukari kwa siku arubaini. Kipimo pia alitupa: mkojo wa mwenye sukari huvuta sisimizi. Uwekwe uani kwenye kibakuli. Siku watakapoacha kuja, mgonjwa kapona. Kazi ya kuangalia nikapewa mimi, mwenye miaka tisa, nikajiona mtu mkubwa kweli. Wiki ya kwanza walijaa mpaka ukingo ukawa mweusi. Nilichukia kuwaona. Nikaanza kukisuuza kibakuli kila asubuhi kwa maji ya mwarobaini yaliyobaki, mengine nikayamwaga palepale chini, maana nilitaka kazi yangu iwe safi.

Baada ya siku chache sisimizi hawakuja. Mama aliniita kitandani.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama."

"Alhamdulillahi. Kamwambie baba'ako nshapona, hospitali siendi tena."

Nilikimbia. Sijawahi kupeleka habari kwa furaha kama ile. Mama akarudia chai yake ya sukari nyingi. Kidonda kidogo cha mguuni kikachimba, kikaoza, na baba alipombeba kumpeleka hospitali, mama alikuwa hatutambui tena. Hakurudi.

Nilikuwa mtu mzima, nimeajiriwa serikalini kuchunguza dawa za mitishamba, nilipokumbuka kwamba Unguja tulitia majani ya mwarobaini kwenye pipa la mchele ili wadudu wasiingie. Nilifunga mlango wa ofisi nikalia. Mimea mingine husaidia kweli. Uwatu huenda ukashusha sukari kidogo. Ila sasa, kabla ya kuamini, najua kuuliza ni kitu gani kingine kilichobadilika.

Mdogo wangu, aliyekuwa bado ananyonya wakati mama alipofariki, naye ana sukari. Mwezi uliopita aliacha vidonge kwa ajili ya unga alioletewa kutoka India. Nilimweleza saa nzima, hata yale niliyoyafanya mimi, ambayo sijamwambia mtu mwingine. Alinisikiliza kwa adabu, akanimiminia kahawa, akasema, "Dada, mimi nnajihisi mzima." Mama alikuwa na mtoto wa miaka tisa tu wa kumwangalia. Mdogo wangu ana mimi, na kusoma kwangu kote, na sijui la kufanya.