Babu Mmoja, Wajukuu Kumi na Mmoja

Saa moja na nusu asubuhi mjini Lanzhou, China, Bi Qiu Lanying ameinamia bakuli la tambi na kuhesabu vipande vya nyama kwa ncha ya kijiti.

"Jana vilikuwa sita," anamwambia mpishi. "Leo vinne. Nani kala viwili?"

"Mwalimu Qiu, jana ulihesabu na figili."

Anamtazama mpishi kama anayepima uzito wa jibu. Kisha anakula. Hajasadiki, lakini njaa haingoji ushahidi.

Bi Qiu, mwenye miaka 57, ni mpimaji. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa kuwasikiliza vijana wanaojiandaa kwenda ng'ambo kusoma shahada ya uzamili. Hukaa nao mmoja mmoja, dakika kumi na tano, kwa mazungumzo ya Kiingereza, kisha hutoa alama kati ya moja na tisa. Anayefika saba hupewa barua ya kupeleka chuoni. Asiyefika anarudi vitabuni.

Kituo cha matayarisho humlipa yuan sitini kwa kila kichwa. Vichwa hivyo, kwa hesabu yake mwenyewe, vimepita elfu kumi na nne.

"Elfu nane kati yao walifiwa na bibi kwa ajili ya mtihani," anasema. "Baadhi ya hao marehemu nakutana nao sokoni wakichagua kabichi."

Wenzake wanaapa kwamba anaweza kusikia jibu la kukariri likipanda ngazi, hata kabla mwenye nalo hajafika ofisini kwake, ghorofa ya tano.

Wiki hii swali lilikuwa jepesi: mweleze mzee unayemheshimu. Tangu Jumatatu, wanafunzi kumi wamemweleza babu yuleyule. Mkono wake wa kushoto ulibaki kiwandani, na sasa anatengeneza baiskeli chini ya daraja kwa mkono mmoja na meno.

Bi Qiu aliwaacha wamalize, kisha akauliza kila mmoja: baiskeli ya babu ina rangi gani? Mmoja akasema nyekundu. Wawili buluu. Mwingine, "Nyeupe, nafikiri, Mwalimu." Njia ya mwongo ni fupi. Wote kumi waliondoka na nne.

Alhamisi anaingia Mou Zhiqing, kijana wa miaka 23, mwembamba, koti limefungwa hadi kooni. Chuo kimempa hadi kesho jioni awe ametuma barua. Barua isipofika, nafasi yake anapewa mwingine.

Anaanza vizuri, bila kujikwaa. Babu, kiwanda, mkono, daraja.

Bi Qiu anaweka kalamu chini. "Wewe kijana, babu yako ana wajukuu wangapi?"

"Mimi peke yangu, Mwalimu."

"Basi wiki hii mmefika kumi na mmoja. Mpe hongera. Baiskeli yake ina rangi gani?"

"Haina rangi. Aliibandua yote ili wezi wasiitamani."

Kwa mtu mwingine, hapo ndipo shaka ingeisha. Kwa Bi Qiu ndipo ilipoota meno. Jibu zuri mno, anasema, ni kama samaki aliyepakwa limau kupita kiasi: unajiuliza anaficha harufu gani.

"Twende," anasema. "Nikamwone huyo babu."

Vituo viwili vya basi kutoka hapo, chini ya daraja la Mto Manjano, mzee anakaza mnyororo kwa mkono wa kulia, spana ameing'ata kwa meno. Mkono wa kushoto wa koti umekunjwa na kubanwa kwa pini. Kando yake imesimama baiskeli isiyo na rangi, tupu kama mfupa.

"Mzee, huyu ni nani kwako?"

Mzee Mou anatoa spana mdomoni. "Mjukuu wangu. Kafanya nini?"

"Una wajukuu wangapi?"

"Huyo huyo. Na ananitosha."

Bi Qiu anaizunguka baiskeli mara mbili. Wazee wa kukodi wapo, anajua. Anamgeukia kijana. "Hawa kumi wengine wamempata wapi babu yako?"

"Sijui, Mwalimu. Mimi hufanyia mazoezi uani, pale kituoni, kila asubuhi. Kama wenzangu wote, naelekea ukuta na kusoma kwa sauti."

"Sauti gani hiyo?" mzee anadakia. "Nyumbani anapiga kelele hivyo hivyo. Jirani yetu muuza tofu Kiingereza hakijui, lakini hadithi yangu anaitoa yote, na mikono anaonyesha."

"Kwa hiyo umeikariri," anasema Bi Qiu.

Kijana anainamisha kichwa. "Nimeikariri. Lakini ni yangu."

"Babu ni wako, sikatai. Alama natoa kwa Kiingereza, si kwa babu. Niambie juu yake kitu ambacho ule ukuta haujakisikia. Sasa hivi."

Malori yanapita juu ya daraja. Kijana anaanza kwa Kiingereza kinachochechemea. Kwamba babu anaweza kufungua gurudumu zima, ila vifungo vya koti vinamshinda. Kwamba yeye humfungia kila asubuhi. Kwamba akisafiri, hajui nani atamfungia.

"Kasema nini?" anauliza mzee.

"Kakusema vizuri," anajibu Bi Qiu, akiandika saba kwenye karatasi, juu ya tandiko la baiskeli. "Kwa makosa matatu."

Barua ilitumwa Ijumaa mchana. Bi Qiu alisimama nyuma ya karani mpaka ilipokwenda.

Sasa amebakiza miaka miwili astaafu, na ana tumaini moja. Analitaja ofisini kwake, akirudisha kalamu kwenye mkoba.

"Namtafuta mmoja tu, nimuulize swali, aniangalie machoni aseme, 'Mwalimu, sijui.' Huyo nitampa tisa bila kuuliza rangi ya chochote."

Anageuka kuutazama mlango, ambao haukufungwa vizuri. Anauendea na kuusukuma kwa kiganja.

"Lakini hilo lisitoke humu ndani," anasema. "Likitoka, kesho wote watakuwa hawajui."