Siku Kaka Alipowanawisha Watu

Kaka yangu ni mnunuzi wa dhahabu Geita. Baba yetu alipofariki, kijijini kwetu nje kidogo ya Kagongwa, kaka alifika na vijana wa machimboni, watu waliozoea kupasua mwamba, akawalipa wachimbe kaburi. Walilichimba upesi, kuta zimenyooka utafikiri wamepimia timazi. Kaka akafurahi kabisa. "Sikutaka kuwasumbua watu," alisema.

Lo! Kwetu Usukumani kaburi halichimbwi na vibarua. Wanaume wa kijiji walikuwa wamekuja na majembe begani, wakasimama pembeni wakiwatazama wageni wakimchimbia jirani yao. Walizika, wakanawa, wakaondoka bila kula. Matanga yalipokwisha wazee walikaa kikao, wakaamua: nyumba ile imeonyesha kwamba haihitaji watu, basi iachwe bila watu.

Kaka akarudi Geita kwenye biashara yake. Mimi nikarudi mjini, Nyahanga, kwenye kibanda changu cha chakula. Aliyebaki kutengwa ni mama, ambaye hakumwita kibarua hata mmoja.

Usifikiri kutengwa ni kupigwa au kutukanwa. Ingekuwa matusi, mimi ningeyajibu, mdomo ninao. Mama alikuwa akifika kisimani, wanawake wanajitwisha ndoo zao na kuondoka. Akiishiwa chumvi usiku, hana wa kumwomba, anakula mboga isiyo na chumvi. Mpunga wake aliuvuna peke yake, na yale magoti yake mabovu. Hata kanisani benchi alilikalia yeye na Biblia yake. Siku nilipoliona hilo kwa macho yangu, hasira ilinipanda nikataka kusimama katikati ya ibada niwaulize pale wamekuja kumwabudu nani. Mama akanivuta kanga. "Kaa chini. Hukuja kwa ajili yao."

Kaka alitaka kumhamishia Geita, kwenye nyumba yenye vigae na maji ya bomba ndani. Mama akakataa katakata. Alisema Mungu atawarudisha majirani zake, na wakirudi wasikute nyumba tupu. Kila asubuhi alisimama mlangoni na kuwasalimia wapita njia, "Mwangaluka!" Wao wanapita kimya. Nikamwambia, "Mama, si bora uwasalimie kuku?" Akanijibu kwamba kuku ameshawasalimia.

Njia ya kurudi ilikuwepo, na kila mtu aliijua. Mkosaji anapika, anakilisha kijiji, na kabla ya chakula anapiga magoti mwenyewe na kuwanawisha watu mikono, mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo. Shida ni magoti. Kwetu anayepiga magoti ni mwanamke. Mwanaume mwenye gari, anayeitwa bosi kila anapopita, apige magoti mbele ya watoto wenye makamasi? Kaka alikuja juu.

"Ng'ombe nitachinja hata wawili. Magoti, hapana! Si hao hao wanaonipigia simu kuniomba nauli?"

Mama alimtazama sana. "Bwana wetu alikuwa na malaika wa kumtumikia, akaomba beseni, akajifunga kitambaa, akawaosha wanafunzi wake miguu. Wewe una nini, mwanangu? Una gari."

Mwisho kaka akasema sawa, atakuja. Mimi sikumwamini, maana namjua tangu utotoni: akisema sawa upesi, ujue ana mpango wake.

Siku ilipofika nilipika tangu alfajiri, macho yote yamejaa moshi. Ng'ombe alichinjwa, ugali wa kutosha ukasongwa, watu wakaja na kuketi bila kutuangalia usoni. Kaka akafika na shati lililonyooshwa vizuri. Nyuma yake wakashuka vijana wawili, mmoja na jagi, mwingine na beseni. Mungu wangu! Alikuwa amekodi watu wa kunawisha.

Nilitamani nimpige kwa mwiko. Mzee aliyeongoza kile kikao akawaangalia wale vijana, akamwangalia kaka, akasema taratibu, "Vibarua tena?" Akashika fimbo yake, akainuka. Na kijiji chote kikaanza kuinuka pamoja naye. Nikaona kabisa kwamba wakitoka uani siku ile hawatarudi tena, na mama yangu atazeeka na kufa bila mtu wa kumshika mkono.

Ndipo mama alipompokonya yule kijana jagi. Akaenda mpaka mbele ya mzee, akashika ukuta, akaanza kushuka chini, goti moja, kisha la pili, huku akiuma meno kwa maumivu. Mtu asiye na kosa. Akainua jagi.

Kaka alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Alikwenda mbio, akaanguka magoti kando ya mama, suruali yake nzuri kwenye vumbi na damu ya ng'ombe. "Mama, niachie," alisema. "Niachie, tafadhali. Ni yangu hii." Machozi yalimtoka mbele za watu wote.

Mzee hakunyoosha mikono. Alimwacha pale na jagi lake. Kisha akasema, "Sasa bosi, na sabuni?"

Watu waliangua kicheko! Kaka naye akacheka na machozi yake, akakimbilia jikoni, akarudi na kipande cha sabuni ya kufulia. Akamnawisha mzee. Akawanawisha waliokuja na majembe siku ile. Akawanawisha wanawake, akawanawisha watoto, akitambaa kwa magoti kutoka mtu hadi mtu, jasho linamtiririka, na nikaapa moyoni kwamba sijawahi kumwona kaka yangu akiwa mkubwa kiasi kile. Mimi nilipiga vigelegele mpaka koo likanikauka. Tulikula, tukaimba, na sufuria zikabaki tupu.

Sikurudi Nyahanga mara moja. Siku chache baadaye, kabla jua halijachomoza, tukasikia hodi. Alikuwa jirani mwanamke, na kundi la wenzake nyuma yake na ndoo. Akasema bibi mmoja wa kijijini, aliyekula chumvi nyingi, amefariki usiku, na wanawake wanakwenda kuchota maji ya msibani. Mama naye atoke.

"Asante Yesu!" mama akapiga kelele.

"Mama! Watu wamefiwa!"

Akajiziba mdomo kwa kanga, lakini furaha ilishamtoka. Misiba yote iliyotokea tangu tutengwe ilimpita bila mtu kuja kumwita. Akabeba ndoo kubwa kuliko zote za nyumbani, akawatangulia wenzake njiani.

"Punguza mwendo mama," wakamwambia wakicheka, "tunakwenda wote."

Akajibu bila kugeuka kwamba wao waende polepole wakitaka. Yeye amechelewa misiba mingi.