Bunju Anapopungua

Mwaka ule ni ule tuliokula ming'oko. Ukiniuliza tarakimu sina, shule niliiacha kabla haijanizoea. Lakini mdomo wangu unakumbuka: mizizi ya porini tuliyoichimba wenyewe, tukaichemsha, tukaila kwa chumvi asubuhi, na jioni tukala iliyobaki asubuhi. Samaki walikuwapo, tena wazuri, changu na kolekole, ila walitoka pwani moja kwa moja kwenda kwa wageni, wale wa kofia ngumu waliokuja kwa sababu ya gesi iliyoonekana chini ya bahari. Bei waliyotoa wao sisi hatukuiweza. Kwetu ilibaki harufu kwenye mikono ya wavuvi.

Mwaka huo ndipo helikopta zilipoanza kupita juu ya mapaa yetu, na mjukuu wangu akaanza kukosa pumzi.

Nilikuwa nakaa naye mimi. Mama yake, binti yangu, alikuwa kambini akifua nguo za wageni. Baba yake alikuwa Pemba, si kile kisiwa, ni mji wetu wa bandari, kwenye maboti ya kampuni ya gesi. Mtoto nilimwita mke mwenzangu, maana kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, hata kama mume mwenyewe yuko kaburini. Tuligombana kwa raha.

"Mke mwenzangu, umemaliza sukari ya bwana."

"Bwana kanipa mie. Wewe mzee, sukari ya nini?"

Mtoto mkali wa maneno. Najisifu, ukali ule kautoa kwangu.

Ikija helikopta maneno yote yanamkimbia. Anajishika shingo, kifua kinapanda na kushuka kama cha kuku aliyekimbizwa, midomo inageuka rangi ya jivu. Mara ya kwanza nilidhani kapaliwa na mng'oko, nikampiga mgongoni. Nikampeleka zahanati. Muuguzi akamsikiliza kifua, akasema hana ugonjwa, ana hofu. Dawa? Dawa hakuna. Nikarudi nimemshika mkono, nikijiuliza hofu inakaa sehemu gani ya mtoto, nikaitoe.

Anachoogopa nilikijua. Sisi watu wazima barazani hatukuwa na lingine: tutahamishwa, minazi itakatwa, makaburi sijui yatakwenda wapi. Tuliyasema mbele ya watoto kana kwamba watoto hawana masikio. Yeye akayaunganisha mwenyewe, akaona helikopta ndiyo inayokuja kubeba nyumba. Siku moja akaniuliza, "Bibi, ikija kutuchukua, na wewe itakuchukua, au wewe mzito?" Nikamwambia mimi hainiwezi, itaanguka. Nikacheka peke yangu.

Sasa, mimi nimezalisha wanawake wengi. Kondo la nyuma likikataa kutoka, mkunga humpa mzazi chupa tupu aipulize. Anapuliza, anapuliza, na mwili unaachia. Nikafikiri, basi aliyebanwa asiambiwe vuta, aambiwe toa. Nikampa mke mwenzangu chupa. Akainusa, akasema inanuka mafuta ya taa, hapulizi.

Dawa akaiona mwenyewe pwani. Maji yalikuwa yamekupwa, na kwenye kidimbwi amebaki bunju, yule samaki tusiyemla kwa sababu ya sumu yake. Watoto wakamchokoza na kijiti, naye akavimba, akawa duara kama mpira, akaelea tumbo juu. Nikawaambia mwacheni. Walipomwacha akajitoa pumzi kidogo kidogo, akawa mwembamba tena, akapiga mkia na kwenda zake chini ya jiwe. Mke mwenzangu alicheka mpaka akakaa kwenye maji.

"Haya," nikamwambia, "na sisi tuwe bunju."

Mchezo ulikuwa hivi. Unavimba: mashavu, tumbo, mikono mbele kama umekumbatia mtungi. Kisha unapungua, fuuu, polepole, kama mtu anayepoza uji na hataki umwagike, mpaka tumbo likutane na mgongo. Anayewahi kuisha kashindwa. Tulicheza asubuhi, mbingu ikiwa kimya, ili siku ya kelele mwili uwe umeshajua. Watoto wa jirani wakasikia, wakaja. Uani kwangu kukajaa mabunju, na mimi nikiwa bunju mkubwa nisiye na meno ya kuzuia upepo.

Lakini watoto ni watoto. Nani anataka kusifiwa kwa kupungua? Nilipokwenda kisimani wakaugeuza mchezo, wakashindana kuvimba, nani atakaa na pumzi zaidi. Niliporudi nilikuta wamesimama duara, kimya, na mke mwenzangu kalala chini kwenye vumbi. Ndoo sijui niliitupa wapi. Kabla sijamfikia akafumbua macho, akauliza, "Nimewashinda?"

Yeye aliinuka. Maneno ndiyo hayakukaa chini. Jioni hiyohiyo mtaa mzima unajua kwamba mtoto kaangushwa na shetani wa baharini, na aliyemwita ni bibi yake, kwa kumchezesha samaki wa sumu. Yakafika Pemba kwa baba yake. Yakafika mji wa Mocímboa kwa dada wa baba yake.

Shangazi huyo akaja, kabeba chetezo, ubani, majani na mizizi kwenye fundo, na blanketi zito. Mtoto afukizwe: akae chini ya blanketi pamoja na moshi mpaka aliyempanda ashuke. Mimi sidharau kufukiza, nimefukizwa mwenyewe nilipozaa. Lakini mtoto ambaye koo linajifunga kwa mlio tu, umfunike, umtie moshi?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo wote huo wa nini?"

"Kaka kanituma nimfukize mtoto. Kama hapa haiwezekani, nimchukue nikamfukize kwangu."

Nikamwambia, "Mtoto huyu hafukizwi. Kama lazima afukizwe mtu, nifukizeni mimi."

"Mama, wewe huna shetani."

"Nani kakwambia?"

Akacheka bila kutaka. Si mwanamke mbaya, tena mwanawe wa kwanza nilimpokea mimi kwa mikono hii. Nikamkumbusha. "Siku ile kondo limekataa, unanishika mkono unasema unakufa, nilikufunika blanketi?"

"Ulinipa chupa."

"Ukafanya nini?"

"Nikapuliza."

"Basi."

"Ule ulikuwa uzazi, mama. Huyu kaingiwa na samaki." Na huku anapepea makaa kwenye chetezo.

Helikopta ikaja wakati huohuo, chini kabisa, mpaka makuti ya paa yakachezacheza. Mke mwenzangu akajishika shingo. Nikachuchumaa mbele yake, magoti yakilia.

"Bunju kachokozwa," nikamwambia. Akataka kuvimba, akashindwa. Angevimba vipi, na kifua kimeshajaa hofu? "Usivimbe. Pungua tu. Pungua na mimi."

Pumzi ikatoka kidogo, ikakatika. Nikapuliza mimi, fuuu. Yeye ikakatika tena. Nyuma yangu nikasikia blanketi linakunjuliwa. Nikawaza, akishindwa sasa hivi wanamchukua, na huko Mocímboa hakuna wa kumwambia pungua. Mtoto akanishika sikio, akalikaza mpaka likauma. Akanipulizia usoni pumzi fupi yenye harufu ya ming'oko. Ya pili ikawa ndefu kidogo. Ya tatu ikanifumba macho. Helikopta ikaelekea baharini.

"Bibi," akasema, "unanuka tumbaku."

Maneno yamerudi. Machozi nikayameza, sikutaka shangazi ayaone.

"Bado anatetemeka," shangazi akasema.

"Anatetemeka, ndiyo. Na mimi natetemeka. Na wewe, hebu tazama blanketi lako."

Akalitazama. Pindo lilikuwa likichezacheza mikononi mwake, na upepo haukuwapo. Lakini makaa yalikuwa bado mekundu, na ubani ulikuwa bado kiganjani.

"Kaka ataniuliza, mama. Nikamwambie nini?"

Kwa mbali ikasikika helikopta nyingine, inarudi kutoka baharini. Mke mwenzangu akaingia nyuma ya kapulana yangu, kanga niliyojifunga, nikamsikia humo ndani, fuuu, peke yake, sijamwambia. Ikakatika, akaanza tena. Nikalichukua blanketi mikononi mwa shangazi, nikalitandika chini, nikalikalia kwa uzito wangu wote ambao helikopta haiuwezi.

"Kamwambie hivi," nikasema. "Mtoto huyu hafukizwi. Kama lazima afukizwe mtu, nifukizeni mimi."