Farasi wa Mishomoroni Aliyeogopa Fimbo

Mguu wangu wa kulia ulivunjika pahali pawili katika yadi ya makontena huko Changamwe, siku mzigo ulipochomoka kwenye kreni. Baada ya miezi kadhaa daktari aliniambia mfupa umeunga vizuri, sasa niache mkongojo. Sikuuacha. Kila nilipojaribu kuukanyagia ule mguu, jasho lilinitoka na nikauona mzigo ukinijia tena. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, natembea kama mzee, na nikiwajibu vibaya wote walionionea huruma, mama yangu akiwa wa kwanza.

Mama ndiye aliyenipeleka Mishomoroni. Alikuwa na shoga yake huko, mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa akiwapandisha wageni farasi ufukweni. Mume alipofariki, shemeji zake waliwauza farasi wote isipokuwa mmoja, jike la rangi ya kahawia, ambaye hakuna aliyemtaka. Aliwahi kugongwa na pikipiki, kisha mtu aliyewekwa kumtunza akawa anamchapa. Tangu hapo alikuwa hashikiki. Akimwona mtu, anarudi nyuma mpaka ukutani na kuinua mguu, tayari kurusha teke.

Yule mama hakujua lolote juu ya farasi. Maisha yake yote alisuka mikeka. Basi kila baada ya sala ya alasiri alitandika jamvi lake uani, akakaa akimpa farasi mgongo, akasuka ukili wake. Hakumwita wala hakumfuata. Alifanya hivyo wiki nyingi, mpaka siku moja akahisi pumzi ya joto shingoni, na ukili ukavutwa mkononi mwake. Farasi alikuwa anatafuna miyaa ya mkeka.

"Nikamwachia," alituhadithia akicheka. "Mkeka ni nini?"

Nilipotaka kuingia uani kumwona huyo farasi, alinizuia mlangoni.

"Hiyo fimbo iache hapa, mwanangu."

"Mama, siwezi kutembea bila hii."

"Basi kaa papo hapo. Huyu haogopi watu, yuwaogopa fimbo. Nimemwahidi fimbo haitaingia hapa tena. Ukiingia nayo, ataniona mimi mwongo."

Nilikasirika. Lakini yale maneno ya mwisho yalinigusa. Sikuwahi kumsikia mtu mzima akijali asionekane mwongo mbele ya mnyama. Nikauegemeza mkongojo mlangoni, nikashika ukuta, nikaingia. Hatua nne tu, kisha nikajitupa kwenye jamvi nikitetemeka. Farasi alikuwa amejibanza pembeni, naye akitetemeka.

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Nilijiambia nafuata chai yake ya tangawizi. Mwezi wa pili wa kwenda kwangu huko, farasi alikubali nimguse bega. Siku moja, nikiwa nimemwegemea, akaanza kutembea. Nikashika manyoya ya shingo nikaenda naye, nusu nikiburutwa. Akapunguza mwendo. Nikisimama, anasimama. Tulipofika upande wa pili wa ua ndipo nilipotambua kwamba mguu wangu ulikuwa umenibeba. Nililia, wallahi, uso wangu shingoni mwake, penye harufu ya vumbi na majani makavu. Yule mama aliendelea kusuka kana kwamba hakuona kitu.

Baadaye nilimuuliza nani alimfundisha ile hekima ya kumpa farasi mgongo.

"Hekima gani?" alisema. "Nilikuwa namuogopa! Hata kumtazama sikuweza. Lakini mume wangu alimpenda, nami sikutaka akae peke yake uani kutwa nzima."

Hapo ndipo nilipomstahi zaidi. Nilikuwa nimemdhania mtu asiye na hofu, kumbe kila alasiri alikuwa akitandika jamvi lile huku moyo ukimwenda mbio, na kesho yake akatandika tena.

Siku hizi nachechemea kidogo tu, zaidi wakati wa mvua. Nimerudi kazini, sasa niko langoni nikiyakagua malori. Ijumaa baada ya swala hupitia Mishomoroni kumpiga farasi brashi. Hajapandwa na mtu tangu wakati ule, na yule mama hataki apandwe.

Mwezi uliopita farasi alipata kidonda kwenye ukwato, ikabidi aje daktari wa mifugo kumchoma sindano. Daktari alitoa kamba nene begini, akauliza kama kuna wanaume wa kusaidia kumshika.

"Hakuna haja," yule mama alimwambia.

Aliweka paji la uso wake juu ya paji la farasi, akamnong'oneza, "Tulia, mwanangu, ni mara moja tu." Mimi nilisimama ubavuni, kiganja changu begani mwa farasi. Sindano ikaingia. Farasi alitikisa ngozi, basi.

Daktari alibaki ameduwaa, kamba mkononi.

"Huyu mmempa dawa gani?" aliuliza.

"Karibu chai, daktari," yule mama alimjibu, akaingia jikoni kuteleka birika.